PLAGINI ZINAKAA WAPI? Kivinjari kinapaswa kuzitafuta wapi kwenye kompyuta ya intaneti kafe

Leo tunaingia kwenye mambo ya kompyuta kidogo. Kwa wale waliokuwa wanashinda kwenye kafe za Njombe mjini au pale Makambako karibu na stendi miaka ile, hii mtaielewa haraka: unafungua ukurasa, katikati unaona kiboksi cheupe chenye alama ya kipande cha fumbo, na maandishi kwamba kuna plagini inakosekana. Unamwita mhudumu, anasema "mbona ipo, tuliiweka jana!" Na kweli ipo. Ila kivinjari hakiioni. Dakika zako zinakatika tu...

Makala hii inaeleza kwa nini ilikuwa hivyo, kivinjari kilikuwa kinatafuta wapi, na wapi ndipo PANAPASWA kuwa mahali pake pa kawaida. Plagini zenyewe za zamani zimeshazikwa, ila swali halijafa. Limehamia kwenye viongezo, na leo linagusa neno lako la siri la Ajira Portal na la maombi ya mkopo wa chuo. Kwa hiyo soma mpaka mwisho.

PLAGINI NI NINI?

Kivinjari, au brauza kama tunavyoiita mtaani, ni programu ya kufungulia kurasa: Internet Explorer ya zamani, Firefox, Opera, Chrome n.k. Plagini (wataalamu wa Kiswahili wanaiita programu-jalizi) ni faili dogo la programu linalokisaidia kivinjari kufanya kazi ambayo chenyewe hakiwezi. Flash Player ilikuwa ya video na magemu. Java ilikuwa ya vijiprogramu ndani ya ukurasa. RealPlayer na QuickTime zilikuwa za redio na sinema. Adobe Reader ilikuwa ya kusomea PDF.

Hebu fikiria fundi baiskeli. Fundi ni kivinjari, spana ni plagini. Ukileta baiskeli yenye nati ya namba 14, fundi anafungua sanduku lake la vifaa. Spana ikiwa uvunguni mwa kitanda nyumbani kwake, hata kama ni yake na ameilipia, kazi haifanyiki. Swali letu lote leo ni hilo: sanduku la vifaa liwekwe wapi?

ILIANZAJE

Mfumo huu ulianza na Netscape Navigator 2.0, miaka ya 1995 na 1996. Netscape walitengeneza utaratibu unaojulikana kwa kifupi kama NPAPI, na ndiyo maana plagini nyingi za Windows jina la faili lilianza na herufi "np", mfano NPSWF32.dll ya Flash. Firefox, Opera, Safari na baadaye Chrome wote walifuata utaratibu huo huo.

Internet Explorer yeye alikwenda njia yake. Alitumia ActiveX, na kuanzia 2001 aliacha kabisa kupokea plagini za aina ya Netscape. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa kafe ulipotokea: mhudumu ameweka Flash ya Internet Explorer, mteja anatumia Firefox. Ni Flash mbili tofauti, faili mbili tofauti! Moja haimsaidii mwenzake.

Kivinjari cha NPAPI kilifanya kazi hivi: kinapowaka kinapita kwenye folda zake, kinasoma kila faili la plagini na kuliuliza "wewe unafungua vitu vya aina gani?" Majibu kinayaandika kwenye orodha. Firefox ilikuwa na faili la orodha hiyo, pluginreg.dat, ndani ya folda ya mtumiaji. Ukurasa ukileta kitu cha Flash, kivinjari kinaangalia orodha: nani anaweza hii? Asipokuwepo, unapata kile kiboksi cheupe.

Kwa hiyo plagini isiyo kwenye folda inayopitiwa ni sawa na haipo.

SEHEMU ZILIZOKUWA ZINAPITIWA

Kwa ujumla zilikuwa nne:

1. Folda ya kivinjari chenyewe. Kwenye Windows ilikuwa C:\Program Files\Mozilla Firefox\plugins. Ilikuwa rahisi kuelewa: unakopi faili, unaweka, basi. Ubaya wake ni kwamba kila kivinjari kina folda yake, kwa hiyo vivinjari vitatu ni kopi tatu.

2. Mahali pa pamoja pa mfumo mzima. Kwenye Linux ni /usr/lib/mozilla/plugins, na kwa mashine nyingi za biti 64 ni /usr/lib64/mozilla/plugins. Kwenye Mac ni /Library/Internet Plug-Ins. Unaweka mara moja, watumiaji wote na vivinjari vyote vinaiona.

3. Folda ya mtumiaji mmoja. Linux ni .mozilla/plugins ndani ya nyumba ya mtumiaji. Mac ni Library/Internet Plug-Ins ya mtumiaji. Windows ni Mozilla\plugins ndani ya %APPDATA%. Hapa huhitaji neno la siri la msimamizi.

4. Rejista ya Windows. Badala ya kukopi faili, programu inaandika kwenye rejista "plagini yangu iko mahali fulani". Firefox iliangalia HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\MozillaPlugins kwa kompyuta nzima, na HKEY_CURRENT_USER\Software\MozillaPlugins kwa mtumiaji mmoja.

Juu ya hizo, Firefox ya Windows ilikuwa na tabia ya kwenda kuchungulia yenyewe zilipowekwa QuickTime, Adobe Reader, Windows Media Player na Java. Opera nayo ilikuwa inachungulia folda za Netscape na Mozilla. Na kulikuwa na MOZ_PLUGIN_PATH, ambapo msimamizi anakiambia kivinjari "tafuta huku pia".

Ukitaka kujua kivinjari kimeona nini, uliandika about:plugins kwenye Firefox au opera:plugins kwenye Opera, unapata orodha nzima na jina la kila faili. Wahudumu waliokuwa wanajua hiyo waliheshimika sana!

KWA NINI KAFE ZA KWETU ZILIUMIA ZAIDI

Nyumbani ambako kompyuta ina mtu mmoja, mahali popote ni sawa tu. Kafe ni hadithi nyingine. Kompyuta moja kwa siku inakaliwa na watu wengi wasiojuana.

Kwanza, intaneti yenyewe. Kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar es Salaam Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya nchi yetu ilipita kwenye setilaiti, ghali na ya kugawana. Huku nyanda za juu, wakati Njombe bado ni wilaya ya mkoa wa Iringa (mkoa wetu ulitangazwa 2012), ndiyo usiseme. Piga hesabu: faili la Java la MB 15 kwenye laini ya kbps 64 linachukua zaidi ya nusu saa, tena kama hakuna mwingine anayetumia. Kafe ya kompyuta kumi, kila moja ikipakua yenyewe, ni zaidi ya saa tano za laini nzima. Kwa faili moja!

Sasa weka plagini kwenye folda ya mtumiaji mmoja. Anakuja mteja mwingine kwenye akaunti nyingine, kivinjari hakioni, anapakua upya. Kafe zilizotumia programu za kuigandisha kompyuta, zile ambazo ukizima na kuwasha kila kitu kinarudi kama mwanzo, zilikuwa na balaa zaidi: plagini aliyoweka mteja ilifutika kila mashine ilipowashwa upya. Kesho yake kazi ile ile. Mahali pa pamoja pangemaliza hayo yote: mhudumu anapakua mara moja usiku, anabeba kwenye flashi, anaweka kwenye mashine zote.

Pili, matoleo mawili kugongana. Mhudumu anaweka Flash mpya, ila ile ya zamani iliyokopiwa kwa mkono kwenye folda ya Firefox bado ipo. Kivinjari kingeweza kuendelea kuitumia ya zamani, pamoja na matundu yake ya usalama, na watu wanashangaa kwa nini sasisho "halikubali".

Tatu, biti 32 na biti 64. Kivinjari cha biti 64 hakiwezi kubeba plagini ya biti 32 moja kwa moja. Kwenye Linux ilibidi kuwe na daraja lililoitwa nspluginwrapper. Hii iliwatesa waliojaribu Ubuntu kwa zile CD za bure zilizokuwa zinatumwa kwa posta hadi 2011.

VISA VIWILI VYA KUKUMBUKA

Usifikiri swali la "wapi" ni la urahisi tu. Ni la USALAMA, na dunia imeshaumia.

Kisa cha kwanza, 2008. Safari ya Windows ilikuwa inapakua mafaili bila kumuuliza mtu na kuyaweka kwenye eneokazi, yaani ile sura ya kwanza ya kompyuta. Mtafiti Nitesh Dhanjani alionyesha kwamba tovuti mbaya inaweza kukumwagia mafaili pale. Peke yake ilionekana kero tu. Kisha Aviv Raff akaonyesha upande wa pili: Internet Explorer ilikuwa inatafuta baadhi ya mafaili ya DLL kwenye eneokazi pia! Unganisha viwili hivyo: mmoja anatupa faili, mwingine analiokota na kuliendesha. Microsoft walitoa tahadhari mwishoni mwa Mei 2008, na Apple wakarekebisha Safari mwezi Juni. Miaka miwili baadaye, Agosti 2010, Microsoft walitoa tahadhari nyingine pana kuhusu programu za Windows zinazookota DLL mahali pasipostahili.

Funzo: kivinjari kisitafute programu mahali ambapo mtu yeyote anaweza kutupa faili. Eneokazi hapana. Folda ya vilivyopakuliwa hapana. Flashi ya mteja, hapana kabisa.

Kisa cha pili, 2009. Microsoft waliposambaza sasisho la .NET Framework 3.5, liliingiza kiongezo na plagini ndani ya Firefox bila watumiaji kuulizwa. Oktoba 2009, Mozilla walizizuia kwa muda kwa sababu ya tatizo la usalama. Hapa aliyeingia hakuwa mwizi, ilikuwa kampuni kubwa iliyopita mlango halali wa mfumo mzima. Lakini mwenye nyumba hakubisha hodi kwa mwenye chumba. Ndipo Firefox 8, Novemba 2011, ikaanza kumuuliza mtumiaji kwanza kabla ya kuwasha kiongezo kilichowekwa na programu nyingine.

Funzo: hata mahali pa pamoja pakiwa salama, kivinjari kiseme wazi nini kimeingia.

BASI IPI IWE YA KAWAIDA?

Kwa kompyuta ya watu wengi, jibu ni hili, kwa mpangilio:

Kwanza, mahali pamoja pa mfumo mzima, panapojulikana, ambapo kila mtu anaweza kusoma lakini msimamizi peke yake ndiye anaweza kuandika. Mtindo wa Linux na Mac ndio uliokuwa karibu zaidi na hili. Inaokoa intaneti, inazuia kopi nyingi, na mteja hawezi kupachika kitu chake.

Pili, folda ya mtumiaji iwepo, lakini kwenye kompyuta za umma iwe imezimwa mpaka msimamizi aiwashe. Tusiidharau: mwanafunzi kwenye maabara ya shule asiye na neno la siri la msimamizi, hiyo ndiyo njia yake pekee. Kwenye laptopu yako mwenyewe haina shida. Lakini kafe ambayo wateja wote wanatumia akaunti moja, folda ya "mtumiaji" ni ya kila mtu. Aliyekaa saa 4 asubuhi anaweza kumtegea atakayekaa saa 5.

Tatu, folda ya kivinjari chenyewe ibaki kwa vitu vya kivinjari. Mozilla walifikia hapo hapo: kuanzia Firefox 21, mwaka 2013, plagini zilizowekwa kwenye folda ya programu hazikupakiwa tena kwa kawaida.

Nne, kuchungulia chungulia folda za programu nyingine kuachwe. Kulisaidia wakati watu hawajui kuweka plagini, lakini mtu anakuta kivinjari kina vitu ambavyo hakuvikaribisha.

Wapo watakaosema mahali pa pamoja ni hatari kwa sababu plagini moja mbovu inawaumiza wote. Ni hoja nzito, hatuikatai. Lakini plagini moja mahali pamoja unaisasisha mara moja. Kumi zilizotawanyika hujui hata zilipo. Kingine, ulinzi wa mahali pa pamoja unategemea wateja kutotumia akaunti ya msimamizi, na Windows XP kwa kawaida iliwapa watu madaraka yote. Hapo folda yoyote haina mlinzi.

PLAGINI ZILIVYOZIKWA

Chrome ilikuja na dawa nyingine mwaka 2010: ikabeba Flash ndani yake yenyewe na kuisasisha kimya kimya. Ukishaibeba, huna haja ya kutafuta! Firefox 19 ya 2013 ikaja na kisoma PDF cha ndani. YouTube mwaka 2015 ikahamia HTML5 kwa kawaida, video ikacheza bila plagini.

Mazishi yalienda hivi: Chrome 45, Septemba 2015, iliondoa NPAPI kabisa. Firefox 52, Machi 2017, ikaacha zote isipokuwa Flash. Adobe walisitisha Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash Player ikazuia maudhui yake. Firefox 85 ya mwezi huo huo ikafunga kaburi.

Kwa hiyo ZINGATIA: leo ukurasa ukikuambia "weka Flash Player mpya uone video hii", huo ni utapeli. Hakuna Flash mpya kwa mtu wa kawaida. Usibonyeze. Anayetaka magemu ya zamani, kuna mradi huria unaoitwa Ruffle unaoyachezesha bila Flash.

SASA NI VIONGEZO

Siku hizi kafe nyingi zimegeuka stationery: maombi ya chuo, mkopo, ajira, TIN. Mteja anaingiza neno la siri kwenye kompyuta ambayo si yake. Mahali pa plagini pamechukuliwa na viongezo, na kiongezo chenye ruhusa ya kusoma kurasa zote kinaweza kuona unachoandika.

Watengenezaji wamejifunza. Chrome ya Windows tangu 2014 inazuia viongezo visivyotoka kwenye duka lake. Firefox 74, Machi 2020, iliacha kuruhusu programu nyingine kupachika viongezo kwa kudondosha faili kwenye folda. Lakini kiongezo bado kinakaa kwenye wasifu wa mtumiaji, na kwenye kafe ya akaunti moja tumerudi pale pale.

Kwa mwenye kafe au stationery:

- Wateja watumie akaunti ya kawaida, isiwe ya msimamizi.
- Tumia sera za kivinjari. Chrome ina ExtensionInstallBlocklist: ukiweka nyota (*) hakuna kiongezo kinachoingia bila wewe. Firefox inasoma faili la policies.json.
- Ondoa Flash, Java na upau wa zana wa zamani uliobaki.
- Kama mashine ni nzee na Windows yake haipati tena masasisho, fikiria Linux.

Kwa wewe mteja, kabla ya kuandika neno la siri:

- Andika chrome://extensions, au edge://extensions, au about:addons kwenye Firefox. Ukiona kitu hukielewi, muulize dada au kaka wa pale, au hama mashine.
- Fungua dirisha la mgeni kwenye Chrome. Halipakii viongezo vya wasifu wa pale.
- Usiwashe usawazishaji wa akaunti yako ya Google kwenye kompyuta ya watu.
- Ukimaliza toka kwenye akaunti, kisha funga kivinjari.

Tukumbushane pia: kutega kitu cha kunasa maneno ya siri ya watu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Siyo utani wa vijana.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Nina kompyuta ya zamani ya mafunzo yenye Firefox ya kale, plagini haionekani. Nifanyeje? Angalia about:plugins. Isipokuwepo, funga Firefox, futa pluginreg.dat, fungua tena ili ipekue upya. Hakikisha biti zinalingana. Na mashine hiyo usiiunganishe na intaneti.

Viongezo vya Chrome vinakaa folda gani? Kwenye Windows, ndani ya AppData\Local\Google\Chrome\User Data\Default\Extensions. Ni kwa ajili ya kuangalia tu, kufuta fanya kupitia chrome://extensions.

Dirisha la siri linatosha? Linasaidia, ila msimamizi au mteja aliyepita anaweza kuwa ameruhusu kiongezo kifanye kazi humo pia. La mgeni ni bora. Na hakuna dirisha linalozuia virusi vilivyoko kwenye kompyuta yenyewe.

Haya wadau, kama kafe unayotumia Njombe, Makambako au kwingine ina utaratibu mzuri wa mambo haya, tuambie kwenye maoni hapo chini wenzako wajifunze. Na ukikuta mashine yenye kiongezo cha ajabu, mwambie mwenye duka kwanza, huenda naye hajui. Nawasilisha!